Kodi kwanza, cherehani baadaye: namna ya kumshika mkono Msyria aliye ugenini

Mwaka 2017 nilinunua cherehani iliyokwisha kutumika mjini Gaziantep, Uturuki, nikaipandisha na wenzangu wawili hadi ghorofa ya tatu, nikamkabidhi jirani yangu, fundi aliyekimbia kutoka Aleppo, Syria. Nikashuka ngazi najiona nimemaliza kazi. Miezi minne baadaye nilipopita kusalimia, niliikuta imefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa runinga.

Cherehani ilikuwa nzima. Mie ndiye sikuuliza.

Ni mtu wa Tanga, Makorora. Nilikwenda Uturuki kusoma kwa ufadhili wa serikali yao mwaka 2016, nikarudi 2020, na sasa nashona Barabara ya 10, Ngamiani. Kina mama wenzangu wa upatu wakiona taarifa ya habari yenye mahema huniuliza, "Shoga, tutume nini?" Na kabla sijajibu mmoja keshaleta fuko la madera. Majibu yangu yamekuwa marefu mno kwa mdomo, basi nayaandika. Yanamhusu hasa mwenye mtoto, mpwa au jirani anayeishi Uturuki, Jordan au Lebanon. Usipokuwa na mtu wako kule, pesa yako ipe shirika kubwa lenye ofisi huko, basi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lina hata mfuko wa zaka tangu 2019. Usihangaike na njia za mkato.

Yuko nchi gani?

Uliza hilo kabla ya kufungua pochi. Vita vya Syria vilitokana na maandamano ya Machi 2011 yaliyoanzia Daraa, kusini mwa nchi, na watu wakamwagikia kwa majirani. Sisi tukisikia mkimbizi tunaona hema na uzio. Zaatari, kaskazini mwa Jordan, ni kambi kweli: ilifunguliwa Julai 2012 ikawa mji wa watu wapatao 80,000, wenye barabara ya maduka unakopata kila kitu, kuanzia falafel hadi shela la bibi harusi. Lakini hata huko Jordan Wasyria wengi wamepanga vyumba mijini. Lebanon haikuwafungulia kambi rasmi. Kwenye bonde la Bekaa mtu humlipa mwenye shamba ili apige turubai lake. Uturuki ndiyo iliyobeba wengi kuliko nchi yoyote, zaidi ya milioni 3.5 wakati mmoja, na karibu wote ni wapangaji wa mitaani kama mie na wewe.

Ruhusa ya kufanya kazi nayo inafuata nchi. Jordan, baada ya mkutano wa London wa Februari 2016, iliahidi kufungua nafasi za kazi hadi 200,000 kwa Wasyria, nyingi mashambani, kwenye ujenzi na viwandani. Udaktari, ualimu, udereva na ususi vikabaki vya wenyeji. Lebanon imewaachia kilimo, ujenzi na usafi. Uturuki ilitoa kanuni Januari 2016 ikitaka kibali akiombe mwajiri, na kwa kawaida Wasyria wenye hifadhi ya muda, yaani ruhusa ya kukaa bila kuwa raia, wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi raia mahali pa kazi. Vibarua vya msimu vya shambani havikuhitaji kibali hicho. Kwa hiyo ukimnunulia mtu wa Jordan vifaa vya saluni au mtu wa Beirut pikipiki ya abiria, umemnunulia kesi.

Kwa upande wa mama mie ni Mzigua wa Handeni, na jambo hili nalifahamu kwa njia nyingine. Wale ndugu zetu ambao babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 hadi bonde la mto Juba, Somalia, walirudi huku wakikimbia vita vya 1991, Kizigua kikiwa bado mdomoni. Walianzia Mkuyu, na 2003 wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni. Walipewa ardhi ya kulima, na wengi baadaye wakapata uraia. Mtu mwenye shamba na uraia, msaada anaouhitaji ni mbegu na barabara. Msyria wa Gaziantep hana shamba wala uraia. Ana hifadhi ya muda. Ukimpa msaada wa Chogo umepotea njia.

Karatasi

Nimesema kodi kwanza, lakini kabla hata ya kodi uliza kitambulisho. Uturuki wanakiita kimlik, na namba ya mgeni huanza na 99. Pasipo hicho hospitali ni shida, shule ni shida, na kadi ya msaada haipo. Kimlik imefungwa na mkoa kilipotolewa: aliyeandikishwa Gaziantep akihamia Istanbul kufuata kazi, huduma zake zimebaki Gaziantep, na hata kusafiri nje ya mkoa anahitaji kibali. Nimeona familia iliyokula njaa Istanbul ilhali huko ilikoandikishwa ilikuwa na haki zake zote.

Msaada hapa mara nyingi ni nauli ya kurudi kwenye mkoa wake na mtu wa kumsindikiza ofisini anayejua Kituruki. Mpwa wangu anayesoma kule sasa hufanya hivyo Jumatano, siku asiyokuwa na vipindi. Hagharamii kitu zaidi ya basi na simiti mbili, ile mikate ya duara yenye ufuta. Kati ya yote tuliyowahi kuyafanya, pengine hili ndilo lenye faida kubwa kuliko gharama yake.

Kodi, mkaa, daftari la duka

Jirani yangu nilimwita Khalti, yaani mama mdogo kwa Kiarabu, naye akaniita binti. Tulianza na maneno ambayo hayakuhitaji kamusi: chai, sukari, sabuni. Alitoka Aleppo akidhani ni wiki mbili. Aliacha nyuma mitungi kumi na minne ya makdous, biringanya ndogo zinazovundikwa kwenye mafuta ya zeituni, akijua atarudi kabla hazijaharibika. Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo." Khalti alikuja leo, na miaka ikapita.

Familia yake ilikuwa watu sita: yeye, mumewe na watoto wanne. Walikuwa na kadi ya Hilali Nyekundu ya Uturuki, ile iliyoanza mwishoni mwa 2016, fedha zikitoka Umoja wa Ulaya. Mwaka 2017 ilikuwa lira 120 kwa kila mtu kwa mwezi, basi wao walipata 720. Kodi ilikuwa 500, chumba na sebule, choo kikivuja. Zikibaki 220 za umeme, maji, chakula, viatu na dawa ya pumu ya mtoto wa tatu. Piga hesabu hiyo ndipo utaelewa kwa nini fuko la madera halikuwa jibu. Nguo walikuwa nazo. Mitaa ile ilijaa nguo za msaada mpaka zikawa matambara ya kupigia deki.

Kinachomvunja mpangaji ni mwezi mmoja wa kuchelewa. Akidaiwa, mwenye nyumba anamtoa. Akitolewa anapoteza amana, anahamia mbali na shule, watoto wanaacha masomo, mkubwa anaingia kiwandani. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, lipa kodi ya mwezi wa hatari. Kwa Gaziantep mwezi huo ni Desemba au Januari, maana ndipo mkaa wa jiko la kupashia nyumba joto unaponunuliwa na vibarua vya ujenzi vinaposimama kwa theluji. Sisi watu wa pwani baridi hatuijui. Kipupwe cha Tanga ni shuka moja. Kule mtu akikosa mkaa anachoma viatu vya zamani na plastiki ndani ya jiko, na moshi ule unaua watu usingizini. Ukinunua mkaa, mwambie mtu wako akague na bomba la moshi. Bomba ni bei ndogo.

Baada ya kodi, uliza daftari la duka. Kama sisi na duka la Mpemba, nao wana mwenye duka anayeandika. Kulilipa deni lile, au nusu yake, kunamfungulia mtu mkopo wa unga na mafuta mwezi ujao, na hakuna jirani anayejua kama amesaidiwa. Nilimlipia Khalti mara mbili bila kumwambia, mwenye duka akamwambia. Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akaniletea sahani ya kibbeh, akasema, "Binti, mara nyingine niulize." Tangu hapo nauliza.

Zaka inaingia hapa vizuri. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wapokeaji, na msafiri aliyeishiwa pia. Shehe wako atakueleza kuliko mie.

Chakula: pesa taslimu ikiwezekana. Ikibidi kununua, nunua bulgur (ngano iliyovunjwa), dengu, mafuta, nyanya ya kopo, chai, sukari. Mie niliwahi kutoka Tanga na kilo tano za dona nikawapikia ugali. Walikula kwa adabu, mume wa Khalti akauliza kama ni dawa. Usisahau pedi. Hakuna mwanamke atakayekuomba mbele ya wanaume, kwa hiyo muulizaji awe mwanamke.

Picha usipige. Wafadhili wa upatu wanazitaka, najua, hata kwetu walizitaka. Tuliwaonyesha stakabadhi ya kodi yenye jina lililofunikwa kwa kidole. Aliyetaka sura ya mtoto analia tulimrudishia mchango wake.

Kazi

Hapa ndipo cherehani yangu ilipofia. Khalti alikuwa fundi wa magauni ya sherehe, mkono wake mzuri kuliko wangu hadi leo. Lakini Gaziantep hakuwa na wateja wa magauni. Waliokuwa na kazi ya kutoa ni wenye karakana za nguo, wakigawa vipande vilivyokatwa tayari: mikono ya fulana, kola, lebo. Kazi ile inataka ovaloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, na mashine ya viwandani yenye kasi, na malipo ni kwa kipande. Cherehani niliyonunua ya nyumbani ingeshona mikono ishirini wakati mwenzake kashona mia. Juu ya hayo, kuna bili ya umeme.

Fundisho la hapa limenisaidia hata dukani kwangu: tafuta mnunuzi kwanza. Mtu wako wa kule apite karakana tatu au nne, aulize wanatoa kazi gani, kwa mashine gani, wanalipa lini (lini ni muhimu kuliko ngapi, maana wapo wanaolipa baada ya miezi miwili au wasilipe kabisa, wakijua asiye na kibali hataenda kushtaki). Halafu amuulize mwenyewe anaweza na anataka nini. Ndipo mnunue kifaa. Tuliiuza cherehani ile, tukaongeza lira, tukapata ovaloki. Ilianza kumlipa mwezi wa pili. Ila kilichomwinua zaidi sikukipanga mie. Aliandika karatasi kwa Kiarabu na Kituruki, akaibandika mlangoni: kupunguza suruali, kubadili zipu, kushona mapazia. Wateja wakawa majirani zake Waturuki. Kwa kazi hiyo hata cherehani ya kwanza ingetosha, nacheka mwenyewe.

Sasa, kibali. Watu wa mbali hudhani Msyria anakosa kibali kwa sababu hakitaki au amenyimwa. Tazama hesabu ya mume wa Khalti mwaka ule. Kibarua bila kibali kilimpa lira 900 hivi, na kadi ya familia 720, jumla 1,620. Akiajiriwa rasmi angelipwa kima cha chini, lira 1,404 mkononi, na bima. Lakini mwenye ajira rasmi kadi inakatwa. Basi kwa kufuata sheria angepoteza lira 216 kila mwezi, na kesho akifukuzwa, kuirudisha kadi ni safari nyingine. Usimhimize mtu aingie kwenye ajira rasmi kabla hujaipiga hesabu hii pamoja naye. Anayeweza kumsaidia ni yule atakayemwambia: ukikatiwa kadi, miezi mitatu ya mwanzo tutakuziba pengo la kodi. Sisi tulifanya hivyo mwaka 2019. Alipata bima, na mtoto wa pumu akatibiwa bila wasiwasi.

Lugha ni kazi pia. Mikoa ya Uturuki ina vituo vya elimu ya watu wazima, Halk Eğitim, vyenye kozi za bure za Kituruki na za ufundi, na cheti mwishoni. Kozi ni bure, nauli na mtu wa kukaa na watoto si bure. Lira chache za basi kwa miezi mitatu zilimtoa binti mkubwa wa Khalti kwenye kufunga maboksi ya pistachio hadi kuwa mkalimani wa mama yake sokoni. Wavulana wana tatizo lao: baba akikosa kazi, mtoto wa miaka kumi na tatu ndiye anayepata, kwa nusu ya malipo. Ukitaka kumrudisha shuleni, usimhubirie baba. Fidia ujira ule wa mtoto, kisha zungumza.

Tulijaribu na biashara ya kuvuka bahari. Khalti alitarizi abaya nne, mwanafunzi mmoja akazileta Tanga ndani ya sanduku lake, zikauzwa kwa siku mbili kwa wafanyabiashara wa Ngamiani. Furaha kubwa! Lakini tulipouliza gharama ya kuzituma kwa kampuni ya mizigo, nauli ikawa inakaribia bei ya abaya yenyewe. Ikafia hapo. Niliandika haya kwa sababu kila mtu huniletea wazo hili kama jipya.

Upatu wa Tanga

Sisi tuko kumi na wawili. Kila mmoja shilingi 5,000 kwa wiki, wiki kumi, ikapatikana 600,000. Tuliamua mambo matatu pale pale kwenye mkeka, tukiwa na kahawa na kashata: familia moja tu, muda wa mwaka mmoja, na mpokeaji mmoja anayeleta stakabadhi. Familia moja ilileta ugomvi, maana kuna aliyetaka tugawe kwa kumi. Elfu sitini kwa familia haimfungulii mtu mlango wala haimlipii dalali.

Tuma kwa benki au kampuni ya kutuma fedha iliyosajiliwa, na tuma mara chache kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ada ya mara moja moja inakula mchango. Ukiulizwa pesa ni ya nini, sema ukweli na uwe na karatasi ya kikundi chako. Kwa sababu ya vikwazo dhidi ya Syria vilivyodumu miaka mingi, muamala wenye neno Syria unaweza kusimamishwa kwa maswali. Si wa kuuficha, ni wa kuuandalia majibu. Aliye Uturuki asitangaze mchango hadharani wala asipitishe bakuli, kwani nchi ile ina sheria ya kukusanya misaada na lazima uwe na kibali. Kumpa jirani yako mkononi ni jambo jingine.

Na akitokea Msyria hapa hapa Tanga? Amenifikia dada mmoja na swali hilo. Usimfiche uani. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inataka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa mamlaka; Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mpe chakula, mpe simu apige, mfikishe.

Akisema anarudi

Tarehe 6 Februari 2023 saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri tetemeko liliitikisa Gaziantep. Khalti na wanawe walilala nje kwenye gari la jirani siku nne. Upatu ulikuwa na 240,000 kwenye kasha. Tulituma zote asubuhi ile ile, bila kikao. Nadhani akiba ya namna hiyo, isiyo na jina, kila kikundi kiwe nayo.

Kisha Desemba 2024 serikali ya Assad huko Syria ikaanguka, na simu zangu zikabadilika. Watu wengi wamerudi tangu hapo, wengi zaidi bado wako Uturuki. Kina mama wa upatu waliuliza: si sasa warudi, tufunge hesabu? Niliwaomba wasimwambie Khalti neno hilo. Mwaka 2025 Uturuki iliruhusu mtu mmoja wa familia aende kutazama na kurudi, hadi mara tatu, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Julai. Mumewe alikwenda. Nyumba ina kuta tatu, mtaani hakuna umeme wa uhakika, shule ya karibu ina madirisha ya nailoni. Na ukisharudi moja kwa moja, kimlik inafutwa.

Kwa anayeamua kurudi, msaada wenye maana ni gari la mizigo hadi mpakani, vyeti vya shule vya watoto vilivyotafsiriwa na kugongwa muhuri, na kodi ya miezi mitatu au saruji ya ukuta wa nne. Kwa anayebaki, ni ile ile kodi ya Januari.

Khalti hajaamua. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ovaloki imewekwa juu ya mizani ya duka la nondo, akauliza kama nadhani forodha watamtoza. Mpwa wangu anakwenda kuulizia Jumatano.